Mbwa Wako Ana Mimba ya Kwanza? Maandalizi Yasisubiri Usiku wa Kuzaa



Leo tuzungumzie mfugo ambaye hayumo kwenye daftari la vijana wengi ninaowatembelea. Kuku wanahesabiwa mpaka yai la mwisho. Ng'ombe ana tarehe ya kupandishwa na tarehe ya kutarajia kuzaa. Lakini mbwa jike anayelinda kuku hao hao usiku kucha, ukiuliza mimba yake ina siku ngapi unajibiwa, "Sijui afisa, nimeona tu tumbo limeshuka."

Msimamo wangu ni huu: mbwa anayezaa kwa mara ya kwanza anastahili maandalizi kama yale tunayompa mtamba anayekaribia kuzaa. Na sehemu kubwa ya maandalizi hayo ni ya wiki kadhaa kabla. Usiku wenyewe wa kuzaa, kazi yako kubwa ni kukaa pembeni na kuangalia.

Najua kuna watakaosema, "Mbwa wa kienyeji huzaa mwenyewe chini ya ghala, tangu enzi za babu." Kweli, wengi huzaa wenyewe na nafurahi kwamba hawatuhitaji sana. Ila watu wa kauli hiyo huwa hawahesabu waliokufa. Watoto hufa kwa baridi, kwa minyoo, kwa kulaliwa na mama aliyekosa nafasi. Na ukimpoteza mama, umepoteza mlinzi uliyemlea mwaka mzima na zaidi. Kwa kijana mwenye banda la kuku mia tano, hiyo ni hasara ya biashara.

Kama bado hajapandwa, subiri

Mbwa jike huingia kwenye joto kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa miezi 6 hadi 12 hivi. Hapo yeye mwenyewe bado anakua. Usimwache apandwe joto la kwanza. Mfungie mahali salama wiki tatu mpaka lipite. Subiri joto la pili au la tatu, awe amefika mwaka mmoja na nusu au zaidi. Chanjo zake zikamilike kabla ya kupandwa, ili watoto wapate kinga nzuri kwenye maziwa ya mwanzo. Kama tayari ana mimba, usimchome chanjo wala dawa yoyote bila kumuuliza daktari wa mifugo.

Andika tarehe

Mimba ya mbwa ni siku 63 hivi, yaani wiki tisa, na inaweza kupungua au kuzidi siku chache. Tuseme alipandwa tarehe 1 Machi. Hesabu yako inakuwa hivi: tarehe 10 Aprili ni siku ya 40, unaanza kuongeza chakula na umeshaongea na daktari kuhusu minyoo. Tarehe 19 Aprili boksi la kuzalia liko tayari na ameanza kulala humo. Tarehe 3 Mei ndiyo siku ya kutarajia. Tarehe 28 Juni watoto wametimiza wiki nane na wanaweza kuondoka. Dakika tano za kalamu na daftari, umemaliza. Bila tarehe, mambo mengine yote ni kubahatisha.

Chakula: hapa ndipo tunapoharibu kwa upendo

Wiki tano za mwanzo mlishe kama kawaida. Ukimnenepesha mapema atapata shida kuzaa. Kuanzia wiki ya sita ongeza kidogo kidogo, mpaka anapokaribia kuzaa awe anakula robo hadi nusu zaidi ya kawaida yake. Gawa mara tatu kwa siku, maana tumbo limejaa watoto na nafasi ya chakula imebaki ndogo. Ugali mtupu hautoshi. Changanya na dagaa, mayai ya kuchemsha, nyama au damu iliyopikwa. Maji safi yawepo muda wote. Akishazaa atahitaji mara mbili hadi tatu ya chakula chake cha kawaida, hasa wiki ya tatu na ya nne za kunyonyesha.

Makosa matatu yanajirudia kwenye mashamba yetu.

La kwanza ni kumpa chokaa ya mifugo au DCP ya kuku "ili mifupa ya watoto iwe imara." Acha. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa mnaijua homa ya maziwa, na mnajua kwamba kumzidishia ng'ombe madini ya chokaa kabla ya kuzaa kunamweka kwenye hatari. Kwa mbwa ni vile vile: mwili unazoea kuletewa, unasahau kuchukua akiba ya kwenye mifupa, na maziwa yakianza kutoka kwa wingi anaishiwa. Ukimwona mama anayenyonyesha anahema haraka, anatetemeka, miguu inakakamaa, usisubiri asubuhi. Mwite daktari saa hiyo hiyo.

La pili ni kumpa mahindi au pumba zenye ukungu, yale tuliyoyakataa sisi. Sumukuvu haina huruma. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya zaidi ya watu 100 walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo haraka sana. Kisichofaa kwako usimpe mama mwenye mimba.

La tatu ni utumbo, maini, mapafu au kichwa kibichi cha mbuzi aliyechinjwa. Humo mna vifuko vya minyoo tegu. Mbwa akila, tegu wanakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi na kurudi malishoni, kisha mbuzi na kondoo wako wanapata kizunguzungu. Aina nyingine humpata binadamu. Chemsha vizuri, au chimbia.

Minyoo na kupe

Hili vijana wengi hawalijui: watoto wa mbwa huzaliwa na minyoo tayari. Minyoo ya mviringo iliyojificha kwenye misuli ya mama huamka wakati wa mimba na kupita hadi kwa watoto wakiwa bado tumboni, na wengine hupitia kwenye maziwa. Ndiyo maana unaona mtoto wa wiki tatu ana tumbo kama ngoma na mgongo umechongoka. Muulize daktari dawa salama ya kumpa mama kuanzia siku ya 40 hivi. Watoto nao wapewe dawa wakiwa na wiki 2, 4, 6 na 8, kwa kipimo cha uzito wao.

Kuhusu kupe, usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukampaka mbwa mwenye mimba au anayenyonyesha. Watoto wananyonya kwenye ngozi hiyo hiyo. Nunua ile iliyoandikwa wazi kwamba inafaa kwa mbwa wa hali yake.

Boksi la kuzalia

Mbao za kawaida zinatosha. Liwe na urefu wa mama kujinyoosha na nafasi ya kugeuka, upande mmoja uwe chini ili aingie bila kujigonga tumbo. Ndani, zungushia fito kwenye kuta, sentimita kama 10 kutoka sakafuni, ili mama akiegemea ukuta mtoto apate upenyo. Mama wa mara ya kwanza ndiye anayelalia watoto zaidi, hajazoea. Linyanyue kutoka chini, maana Mei mvua za masika bado zipo sehemu nyingi, na kwa wenzetu wa Njombe na Mbeya baridi inakuwa imeanza.

Tandika magazeti na vitambaa safi. Maranda ya kwenye banda la kuku hapana, hata yawe mapya: vumbi lake huingia puani na hung'ang'ania kwenye kitovu kibichi.

Wiki mbili za kwanza watoto hawawezi kujipasha joto wenyewe. Wanahitaji nyuzi kama 30 hivi, karibu na joto la vifaranga wapya. Taa ya kulelea vifaranga inafaa, ikining'inizwa upande mmoja ili mama apate pa kupumulia. Kama huna umeme, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa inasaidia. Jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa ni kifo, tusidanganyane.

Usiku wenyewe

Kipimajoto cha ng'ombe, kikisafishwa vizuri, kinakutosha. Joto la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39. Likishuka chini ya 37.2, mara nyingi anazaa ndani ya saa 24. Atakataa chakula, atakwaruza matandiko, atahema. Ondoa majirani na watoto wanaochungulia. Mama wa kwanza akijaa hofu anaweza kuacha kusukuma, au kuwadhuru watoto wake.

Acha afungue mfuko na kulamba. Akishindwa ndani ya dakika moja au mbili, fungua wewe, futa pua na mdomo, msugue mtoto kwa kitambaa kikavu. Funga kitovu kwa uzi safi, kata, paka aidini. Kila mtoto anyonye maziwa ya mwanzo ndani ya saa chache, isipite siku.

Mwite daktari kama anasukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, kama saa mbili zimepita na unajua kuna mwingine ndani, au kama uchafu wa kijani unatoka kabla ya mtoto wa kwanza. Namba ya daktari iwe kwenye simu yako wiki mbili kabla. Na usimchome sindano ya kuongeza uchungu eti kwa sababu nguruwe wako alichomwa. Mtoto akiwa amekwama, sindano hiyo inaweza kupasua mji wa mimba.

Kila siku pima uzito wa watoto kwa mzani wa jikoni. Mtoto mwenye afya huwa ameongeza mara mbili ya uzito wa kuzaliwa anapofika siku ya 10 hivi. Asiyeongezeka ndiye wa kuangaliwa kwanza.

Watoto wataenda wapi?

Hili ndilo swali la kwanza, nimeliweka mwisho ili mbaki nalo. Tumbo moja linaweza kutoa watoto sita au zaidi. Kila anayewekwa kwenye kiroba na kuachwa sokoni, akipona, anakuwa mbwa koko asiye na chanjo, anayerudi kula kuku na kukimbiza mbuzi wa mtaa mzima. Karibu vifo vyote vya binadamu vya kichaa cha mbwa vinatokana na kung'atwa na mbwa, na dalili zikishaanza kwa mtu, kupona ni nadra mno. Wanaong'atwa zaidi ni watoto wetu.

Kwa hiyo tafuta wafugaji wa kuwachukua mimba ikiwa bado changa. Chanjo ya mchanganyiko ya parvo na distempa ianze wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kama daktari atakavyopanga. Ya kichaa cha mbwa wapate wakifika miezi mitatu. Mwandikie anayemchukua tarehe hiyo kwenye karatasi. Mtoto aliyepewa dawa ya minyoo, aliyeanza chanjo na mwenye karatasi yake, mfugaji makini anakubali kumlipia. Na ukiona huna wa kuwapa, mwambie daktari afunge kizazi cha mbwa wako. Atalinda vile vile.

Basi kijana, fungua ukurasa mpya kwenye daftari, andika jina la mbwa wako na tarehe aliyopandwa. Kazi njema.