Maktaba Ilinde Vitabu, Isilinde Vumbi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii yafaa kutiliwa maanani kila shule ya upili inapofikiria kununua mtambo wa kulinda vitabu vya maktaba.

Utendakazi wa mtambo wenyewe si fumbo. Utepe mwembamba wenye sumaku hufichwa katika uti wa kitabu au baina ya kurasa zake. Mwanafunzi anapoazima kitabu kwa njia halali, mkutubi huuzima utepe huo. Kitabu kikipitishwa mlangoni bila kuzimwa, nguzo zilizosimamishwa hapo hupiga king'ora.

Hapana shaka kwamba king'ora humtia hofu mwenye nia mbaya. Hata hivyo, hakitambui ukurasa uliochanwa na kutiwa mfukoni, wala hakimfuati nyumbani aliyeazima kitabu kwa kibali na kukataa kukirudisha. Isitoshe, umeme ukikatika, nguzo hizo hugeuka mapambo.

Zipo shule ambazo, kwa kuhofia hasara, hufungia vitabu kabatini. Mnamo Januari 2018, serikali ya Kenya ilianza kupeleka vitabu vya kiada moja kwa moja shuleni ili kila mwanafunzi apate nakala yake katika masomo ya msingi. Kitabu kama hicho kikifungiwa stoo, mwizi hakipati, na mwanafunzi pia hakipati. Je, kimenusurika au kimepotea? Katika kanisa kuu la Hereford, Uingereza, vitabu vya kale vingali vimefungwa minyororo rafuni. Lakini hata minyororo hiyo ilikuwa mirefu kiasi cha kumwezesha msomaji kukifungua kitabu na kukisoma papo hapo. Kufuli la kabati halina hisani hiyo.

Kwa hivyo, mtambo una thamani pale tu unapoiwezesha shule kuondoa kufuli na kuziacha rafu wazi. Kabla ya kuununua, bodi ya shule ihakikishe kwamba kila kitabu kina mhuri na nambari, daftari la uazimaji linajazwa, vitabu vinahesabiwa kila muhula, na yupo mkutubi anayeshinda maktabani. Pasipo hayo, king'ora kitalinda vumbi. Hasara ya kitabu kilichochakaa mikononi mwa wasomaji ni nafuu kuliko fahari ya kitabu kipya ambacho hakijafunguliwa na yeyote.