Acheni Kuionea Feni

Nasema hivi na najua wenye nyumba watanuna: ile mia mbili ya feni mnayotoza watu hapa Mnarani ni uonevu. Na sisi wapangaji tunaonyamaza, tumo.

Kwetu ni vyumba sita, mita moja. Tokeni ikiisha, macho yote kwa jirani yangu, ati kwa sababu ana feni. Ana mtoto wa miezi miwili. Kaskazi ilipoingia, na joto la Kilifi mwalijua, mwenye nyumba akamwongezea mia mbili kila mwezi. Hana. Feni akaizima. Sasa mtoto amejaa harara shingo nzima, analia mpaka alfajiri.

Hebu tupige hesabu, si ngumu. Yuniti moja ni wati 1,000 kwa saa moja. Feni ya mezani ni kama wati 50. Iwashe saa 10 kila usiku, mwezi mzima ni yuniti 15. Sasa njoo kwa birika la stima, wati 2,000. Dakika 20 tu kwa siku, chai ya asubuhi na ya jioni, mwezi ukiisha ni yuniti 20. Geuza kitako cha birika usome, imeandikwa. Nani ashawahi kutozwa birika? Hakuna, kwa sababu linachemka linajizima, halizunguki usiku kucha watu wakilisikia.

Na kina mama mnaochomoa chaja zetu usiku, jamani, simu moja kujaa ni kama wati 20 kwa saa moja. Mpaka uchaji mara 50 ndio yuniti moja iishe. Tuacheni.

Lakini hata birika si mwizi mkubwa. Mwizi ni hiyo mita moja. Tangu Aprili 2023 bei nafuu ni ya anayetumia yuniti 30 kwenda chini kwa mwezi; kabla ya hapo ilikuwa mpaka 100. Ukipita 30 kuna bei ya kati, ukipita 100 ndio bei kali. Chumba kimoja kwetu kikitumia yuniti 20, kingekuwa na mita yake kingelipa bei nafuu. Lakini sita mara ishirini ni 120. Kwa hivyo mama wa taa moja na feni analipa bei ya yule mwenye friji mbili na eisii. Na usiniambie tununue tokeni kidogo kidogo, wanaangalia wastani wa miezi mitatu.

Zile mita ndogo anazofunga fundi? Zinasaidia kugawa deni, sikatai. Ila Kenya Power inaiona ile kubwa tu, na bei inabaki ya ile kubwa. Dawa ni kila chumba na mita yake. Mwenye nyumba anasema kuunganisha ni pesa. Ni kweli, si bure. Lakini kodi imepanda na hatujaona hata soketi mpya.

Mpaka hapo atakapokubali, tugawane kwa wati, si kwa kelele. Jumamosi jioni tunakaa barazani wote sita. Wati za kila chombo nimeshaziandika kwenye daftari. Mstari wa kwanza ni birika. Ni langu.