Kuuzisha mingi si kupata mingi: nani anahesabu biashara ndogo za Buluo?

Kila mara viongozi wanapozungumza juu ya kazi kwa vijana, neno linalorudi ni PME, ni kusema kompanyi ndogo na za katikati. Wanasema mugodi hauwezi kuajiri kila mutu, basi kila mutu afungue biashara yake. Sisi hatukatai. Lakini tunauliza swali la mutu aliyezoea kupima tani mbele ya kupakia lori: hizo biashara zinaingiza ngapi, na mwisho wa mwezi kunabaki ngapi? Kwa Buluo, na kwa Likasi yote, si rahisi kupata karatasi ya serkali inayojibu swali hilo.

Swali hili si la watu wa ofisi tu. Tarehe 22 Februari 2025 serkali ilisimamisha kupeleka kobalti inje ya inchi, juu ya bei ilikuwa imeanguka sana. Mwezi wa Juni ikaongeza miezi mitatu. Tangu 16 Oktoba 2025 kila kompanyi inapewa kiasi chake: tani 18,125 kwa miezi iliyobaki ya 2025, na tani 96,600 kwa mwaka mwa 2026 na mwa 2027, kwa inchi yote. Mufanyakazi wa mugodi anajua namna ya kusoma namba za namna hiyo. Tani zikipunguka, saa za ziada zinapunguka, na mikataba ya siku chache hairudishwi. Hapo baba na mama wanakaa chini na kusema: tufungue ligablo, tununue moto wa kubeba watu, tuuzishe unga. Makuta yanayoingia mule ni makuta ya mwisho ya nyumba. Ndiyo maana hesabu yake inatugusa.

Wale wanaohesabiwa na wale wasiohesabiwa

Tuanze na statistiki. Hesabu ya watu wote wa inchi yetu ilifanywa mara ya mwisho mwaka wa 1984. Tangu pale, Institut National de la Statistique ilifanya uchunguzi mukubwa unaoitwa 1-2-3, mwaka wa 2005 na tena 2012. Moja ni kazi, mbili ni biashara zisizoandikwa, tatu ni matumizi ya nyumba. Ulikuwa uchunguzi wa maana, juu ya ulikubali kuingia kwa bamama wa soko na kuuliza. Lakini mutoto aliyezaliwa siku zile za 2012 leo anasoma sekondari.

Benki ya Dunia nayo inapima kompanyi. Mwaka wa 2013 iliuliza kompanyi zaidi ya 500 katika Kongo. Ila kanuni ya uchunguzi wake iko wazi: inachukua kompanyi zilizoandikwa kwa serkali, zenye wafanyakazi watano na zaidi, na haichukue migodi. Sasa muangalie barabara yenu. Fundi wa kuchomelea anayefanya kazi na kijana mumoja, hayumo. Mama wa bukari pa mulango wa kiwanda, hayumo. Mwenye ligablo anayesaidiwa na mutoto wake nyuma ya masomo, hayumo. Musomaji akisikia kwenye redio kwamba PME za Kongo zinafanya hivi ao vile, ajue kwamba mara nyingi si yeye anayezungumziwa.

Namba moja inayodanganya

Kuna namba moja ambayo ofisi zote zinapenda: makuta yote yaliyoingia kwa kuuzisha, ile inayoandikwa kwenye karatasi chiffre d'affaires. Wanaipenda juu ni rahisi kuiona na ni vigumu kuificha. Hata kompanyi za migodi, Kodi ya migodi iliyobadilishwa tarehe 9 Machi 2018 inazidai asilimia 0.3 ya namba hiyo kwa maendeleo ya wakaaji wanaozizunguka.

Kwa biashara ndogo namba hiyo inaweza kudanganya mwenyewe. Tuchukue mufano. Mama anauzisha unga, sukari, mafuta na sabuni. Kwa siku anaingiza franga 35,000, kwa mwezi milioni moja na zaidi kidogo. Majirani wanasema mama huyu amekuwa mutajiri. Lakini akiuzisha kwa 35,000, bintu vyenyewe vilimugharimu labda 31,000. Zinabaki 4,000. Toa lori ya kuleta mifuko, toa nafasi ya soko, toa kilo mbili za sukari watoto walizokunywa na chai, toa deni ambalo halilipwe. Siku zingine kunabaki 1,500, siku zingine hakuna kitu. Kama nyumba inachota kwa sanduku 5,000 kila siku juu ya makuta yanaonekana mengi, mama anakula kapitali bila kujua. Kisha miezi minne rafu ziko wazi, na watu wanasema ni uchawi. Si uchawi, ni hesabu ambayo haikufanywa.

Sheria ya kodi nayo iliangalia mauzo. Sheria ya 23 Februari 2013 juu ya biashara ndogo iliweka mipaka miwili. Kwa sheria hiyo, mwenye kuuzisha mupaka franga milioni 10 kwa mwaka alikuwa biashara ndogo kabisa, na alilipa kiasi kimoja kilichokatwa. Kati ya milioni 10 na milioni 80, alilipa asilimia 1 ya mauzo kama anauzisha bintu, asilimia 2 kama anafanya kazi za huduma. Tugawanye milioni 10 kwa siku 365: ni karibu franga 27,400 kwa siku. Kwa sheria hiyo, mama wetu wa 35,000 angekuwa ameruka mupaka, hata kama usiku anarudi na 1,500.

Asilimia 1 inaonekana ndogo. Lakini mutu anayeuzisha milioni 12 kwa mwaka na kubakia na faida ya asilimia 5, faida yake ni 600,000. Asilimia 1 ya mauzo ni 120,000. Maana yake faida imekatwa sehemu moja ya tano. Na asiyepata faida hata kidogo alidaiwa sawasawa, juu kodi haikuuliza kilichobaki, iliuliza kilichopita.

Franga inapotembea

Tena kuna jambo la dola. Mwaka wa 2013, dola moja ilikuwa karibu franga 920. Milioni 80 zilikuwa karibu dola 87,000: hiyo ni biashara yenye depo na malori. Mwaka wa 2024 dola ilikuwa karibu franga 2,800. Milioni 80 zile zile zimekuwa karibu dola 28,500. Biashara haikukua, ni franga iliyopunguka nguvu. Mutu akiangalia daftari yake ya franga ataona mauzo yamepanda mara tatu na kufurahi, kumbe anauzisha mifuko ile ile.

Kisha, katika miezi ya mwisho ya 2025, franga ilipata nguvu na dola ikashuka chini ya 2,500. Watu walipiga mikono. Lakini nyumba ya mufanyakazi anayelipwa kwa dola ilisikia upande mwingine: dola 300 zilizokuwa zinatoa franga 840,000 kwa bakambisti, kwa bei ya 2,400 zinatoa 720,000. Kama bei ya soko haishuki mbio namna ile ile, kuna franga 120,000 ambazo hazifiki tena kwa ligablo. Mwenye ligablo naye alinunua mizigo dola ikiwa juu. Basi wote wawili wamepata hasara mwezi mumoja, mununuzi na muuzaji.

Muteja ni mumoja

Hapa ndipo tunafika kwa kiini cha maneno yetu. Katika muji wa migodi, biashara ndogo haiko pembeni ya mugodi. Inakula sahani moja nayo. Mushahara ukichelewa wiki mbili, kitabu cha deni kinajaa. Mauzo yanaonekana mazuri kwenye daftari, lakini sanduku ni tupu, na mama anakimbilia benki Lambert, ile mikopo ya mitaani ambamo unachukua kumi na kurudisha kumi na tano. Kwa hiyo familia inayosema "tunafungua ligablo ili mugodi ukifunga tupate kula" ichunguze vizuri. Kama wateja wake wote wanalipwa na mugodi ule ule, haijapata mguu wa pili. Imeweka uzito zaidi kwa mguu mumoja.

Wazee wa Likasi waliliona jambo hili. Mwaka wa 2003 Gécamines, kwa musaada wa makuta ya Benki ya Dunia, iliondoa wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa ile mupango iliyoitwa départs volontaires. Kila mutu alipewa makuta yake mara moja, baada ya miezi mingi bila mushahara. Wengi walilipa madeni na masomo ya watoto, wengine walijaribu biashara. Lakini maelfu waliacha kazi pamoja, katika miji ile ile, na waliotazamiwa kununua ni wale wale waliokosa mushahara. Mutu alikuwa na bintu vya kuuzisha, hakuwa na wa kumuuzishia.

Nini cha kufanya

Kwanza nyumbani. Waswahili wa pwani wanasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria za OHADA, ambazo Kongo inazifuata tangu 12 Septemba 2012, zinamujua mufanyabiashara mudogo kwa jina la entreprenant, na zinamuomba kitabu cha kilichoingia na kilichotoka, siku kwa siku. Sisi tunaongeza mistari miwili. Muandike deni mbali na makuta yaliyoingia kweli, na muandike kile nyumba inachochukua kwa duka, hata kama ni sabuni moja. Kisha mwezi mumoja, mama atajua kama anapata ao anakula kapitali. Na wewe baba, usiweke makuta yote ya mwisho wa kazi katika biashara ambayo hujaona daftari ya mwenzako anayeifanya.

Pili, mikataba. Sheria ya 8 Februari 2017 inawekea kompanyi zenye makuta mengi ya Wakongomani kazi ndogo ndogo za kompanyi kubwa: chakula, usafi, usafirishaji, nguo za kazi. Inadai hata malipo ya mbele ya asilimia 30. Lakini hakuna mugodi utakaopatia kazi mutu asiye na karatasi wala hesabu. Bamama watano wa bukari wakijiandikisha pamoja na kuonyesha daftari za mwaka mumoja, wanaweza kubisha mulango. Bila daftari, wenye kubisha ni watu wa mbali.

Tatu, wakuu wetu. Ile Kodi ya migodi inagawa redevance hivi: asilimia 50 kwa Kinshasa, 25 kwa jimbo, 15 kwa eneo ambamo mugodi unachimba, 10 kwa vizazi vinavyokuja. Komine inayopokea sehemu ya 15 inaweza kulipa vijana waliosoma wapite barabara kwa barabara na kuuliza mambo manne: unauzisha ngapi, unabakia na ngapi, unadai ngapi, unadaiwa ngapi. Bila majina, bila kodi nyuma yake, na matokeo yabandikwe mahali pa watu wote. Juu bamama wakishuku kwamba anayehesabu ndiye anayekuja kukamata mizigo, hakuna atakayesema ukweli.

Mugodi haufungui shimo bila kupima jiwe. Nyumba ya mufanyakazi nayo isifungue biashara bila kupima barabara yake: nani atanunua, kwa makuta gani, na kama atalipa mwezi ambao mushahara haukufika.