Mguu Mmoja Kwenye Barabara ya Banissa

Dereva wa Banissa, Mandera, aliyezoea kuteremka mlima kwa gia namba mbili huenda akalielewa gari la umeme haraka kuliko mwenzake wa Nairobi mwenye otomatiki. Tayari anajua kwamba gari linaweza kupunguza mwendo bila breki kuguswa.

Katika gari la umeme, mguu ukiinuka kwenye pedali ya mwendo, mota hugeuka jenereta: huyazuia magurudumu na kurudisha umeme kwenye betri. Kizazi cha pili cha Nissan Leaf, kilichozinduliwa 2017, kilikuja na swichi ya kazi hiyo. Ukiachia kabisa, gari linasimama lenyewe. Mwanzoni abiria huchapwa mbele na nyuma, maana dereva anaachia ghafla badala ya kuinua mguu taratibu.

Mitego ipo. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme zaidi, hivyo asubuhi baada ya chaji ya usiku, gari linaweza kuteleza mbele kuliko lilivyozoeleka. Na kwenye changarawe, magurudumu ya mota ndiyo yanayobeba kazi yote ya kuzuia. Yanaweza kukosa mshiko. Hapo afadhali kupunguza nguvu ya mfumo huo.

Mandera, ambako umeme kwa miaka mingi umetoka kwenye jenereta za dizeli, haitajaa magari haya kesho. Lakini Nairobi, mabasi ya umeme ya BasiGo yamebeba abiria tangu 2022. Shule za udereva zisisubiri. Zifundishe mguu unaoachia kidogo kidogo, na zisisitize kwamba dharura ikitokea, breki ndiyo ya kukanyagwa.