TUWAACHE WADOGO ZETU WACHAFUE MIKONO



Hapa kwetu Mwanga, mtoto mdogo akionekana anakoroga udongo na maji uani, neno la kwanza alisikialo ni, "Acha uchafu huo!" Neno hilo hutamkwa kwa nia njema, maana nguo ni ghali na sabuni hununuliwa kwa fedha. Hata hivyo naona ya kuwa twapoteza kitu kikubwa kuliko kipande cha sabuni.

Maoni yangu ni haya: elimu ya sayansi haianzi katika maabara ya sekondari. Yaanza pale mtoto wa miaka mitano au sita anapogusa kitu, akakichanganya na kingine, na kuuliza, "Kwa nini?" Mtoto aliyenyamazishwa miaka yote hiyo hufika kidato cha kwanza akiogopa kuuliza. Hukariri kanuni kama kasuku, na mtihani ukiisha, kanuni nazo zimekwisha.

Vifaa tunavyo nyumbani. Chukua chupa tupu, maji, na kijiko kimoja tu cha mawese. Mtoto atikise. Ataona mawese yanapanda juu, kwa sababu ni mepesi kuliko maji. Sasa tia sabuni kidogo, atikise tena: mawese yatavunjika kuwa matone madogo madogo, na maji yatageuka kama uji. Sabuni hushika mafuta kwa upande mmoja na maji kwa upande wa pili. Kisha apake mawese mikononi, anawe kwa maji matupu, halafu kwa sabuni. Mtoto huyo hatahitaji kuhimizwa sana kunawa kwa sabuni, kwa kuwa sababu yake ameiona kwa macho.

Au chukua yai bichi ambalo halijaharibika. Katika maji ya ziwa letu litazama. Koroga chumvi, kijiko baada ya kijiko, nalo litaelea, maana maji ya chumvi ni mazito zaidi. Mweleze habari za Uvinza, katika njia yetu ya reli, ambako wenyeji walianza kuchemsha maji ya chemchemi na kupata chumvi zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Kisha aweke maji yake kidogo juani katika sahani. Baada ya siku chache ataikuta chumvi. Yai lenyewe halipotei, litapikwa jioni.

Mfano mkubwa tunao nchini mwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Aliweka maziwa ya moto katika jokofu bila kungoja yapoe, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dk. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, na wenzake wakamcheka. Lakini Dk. Osborne alikwenda kulijaribu jambo hilo, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Hata leo wataalamu wa dunia wangali wakibishana juu yake, nalo laitwa kwa jina la Mpemba. Je, angenyamaza?

Najua wako watakaosema kuwa mawese hayatoki katika shati jeupe. Ni kweli. Basi kazi hii ifanywe nje, chini ya mwembe, kwa nguo kuukuu, na mtoto afagie na kuosha vyombo mwenyewe. Mtu mzima awepo daima. Kostiki ya kutengenezea sabuni, moto na mafuta ya taa visiingizwe kabisa katika michezo hii.

Nawaomba walimu wa madarasa ya chini watenge japo kipindi kimoja kwa juma. Nawaomba wazazi wavumilie madoa machache. Nasi wanafunzi wa sekondari, likizo ikifika, kila mmoja awakusanye wadogo zake uani. Kuuliza si ujinga. Mtoto akikuuliza swali usilolijua jibu lake, usimfukuze, mwambie, "Tujaribu, tuone."