Kasha la Mama ni la Nani?



Juma hili tumepokea barua iliyotoka mbali na bahari. Mwenye kuiandika ni binti wa Mombasa aliyeolewa na mwalimu, na sasa yapata miaka 25 anaishi Kegonga, katika nyanda za Wakuria, kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko, anasema, mashamba ni ya mahindi na tumbaku, na asubuhi ni za baridi. Chumbani mwake limo kasha la msaji lenye njumu za shaba, lililosafiri naye juu ya basi siku alipohamia. Kwa kuwa kanga peke yake haziwezi baridi ya huko, kasha hilo limekuwa nyumba ya mablanketi.

Mama yake alifariki mwaka jana. Nyumba na fedha kidogo alizoziacha zimekwisha kugawanywa baina ya warithi watatu: kaka mmoja na dada wawili, yeye akiwa mmoja wao. Kasha halikutajwa na mtu, kwani nani angelitaja kasha kuukuu lililo Kegonga? Lakini mwezi uliopita kaka alimpigia simu. Mtu ameiona picha yake na yuko tayari kulinunua kwa bei ambayo haikuwapitia akilini. Kaka ataka lirudishwe liuzwe. Dada yetu anatuuliza: je, kasha si langu, mimi niliyelibeba na kulitunza miaka yote hii?

Kisha, chini kabisa ya barua, ameongeza maneno haya: kila alipopiga simu nyumbani, mama alimuuliza, "Kasha langu li salama?"

Barua hii tumeisoma mara mbili, na maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyotushughulisha.

Kwanza tuseme kwa nini simu hiyo imepigwa sasa na si miaka 20 iliyopita. Vitu vya zamani vimerudi kupendwa. Kasha ambalo bibi zetu walitilia nguo za arusi, na ambalo mengi ya aina yake yaliletwa na majahazi kutoka Bara Hindi, leo huwekwa sebuleni, likatandikwa kioo na kuwa meza. Kandili huning'inizwa ingawa umeme upo. Redio ya mbao iliyokwisha kunyamaza hupewa nafasi ya heshima rafuni. Kisutu, kanga yetu ya arusi yenye nyekundu, nyeupe na nyeusi, hushonwa gauni na mikoba. Hata magari hayakuachwa: Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari miaka ya sitini, ina watu wanaoitafuta na kuifufua kwa gharama kubwa.

Sisi hatuoni ubaya katika mapenzi hayo, maadamu hayafiki kwenye israfu wala kwenye kujionyesha. Nyumba yenye kumbukumbu huwafunza watoto kwamba walikuwapo watu kabla yao. Lakini jambo moja wengi wetu hatulitambui: mapenzi hayo yamevipa bei vitu ambavyo jana havikuwa na bei. Palipo na bei pana haki, na palipo na haki pana wenye haki.

Turudi kwa kasha. Mtu akimkabidhi mwenziwe kitu, huwa amefanya moja katika mambo matatu. Huenda amempa hiba, yaani zawadi: ametamka kumpa, mwenziwe amekubali, na kitu kimetoka mkononi mwa mtoaji kikaingia mkononi mwa mpokeaji. Huenda amemwazima akitumie kisha akirejeshe. Au amemwekesha amana akitunze. Katika yote matatu kitu huonekana kiko kwa yule yule mtu, na jirani anayepita hawezi kujua tofauti. Tofauti imo katika maneno yaliyosemwa siku ile.

Ikiwa mama alisema, "Nimekupa, ni lako," na lipo shahidi wa hilo au ndugu wenyewe wanakiri, basi kasha halimo katika mirathi. Kaka hana la kudai, hata bei ikipanda namna gani. Lakini ikiwa alisema tu, "Nenda nalo, litakukumbusha kwetu," kisha kwa miaka 25 akaendelea kuliita kasha lake, hapo tunaogopa kusema kwamba alikuwa amelitoa. Anayedai zawadi ndiye anayepaswa kuithibitisha. Na dada yetu, kwa uaminifu ambao tunamshukuru kwao, ametuletea ushahidi ulio dhidi yake mwenyewe.

Ikiwa ni hivyo, kasha ni mali ya marehemu, nalo lingaliko katika mirathi ingawa nyumba imekwisha kugawanywa. Sheria ya mirathi haikuweka kiwango ambacho chini yake mali huwa haina mwenyewe. Baada ya gharama za maziko, madeni na wasia, kila kilichobaki kina mafungu. Tuseme, kwa mfano tu, kasha lathaminiwa shilingi 80,000, na warithi ni mtoto mmoja wa kiume na wawili wa kike, bila ya mume wala wazazi wa marehemu walio hai. Mtoto wa kiume ana 40,000, na kila binti ana 20,000.

Hapa ndipo tunapowageukia wote wawili. Dada asijifanye mwenye kasha zima, na kaka asijifanye mwenye kuuza peke yake. Kaka hakuutaja kabisa upande wa dada wa pili, wala hakusema fedha zitagawanywa vipi. Mara ngapi tumeona vitu vya mama vikichukuliwa na mwanamume aliye karibu na mnunuzi, mabinti wakaambiwa kwamba vilikuwa takataka tu? Kijaluba cha fedha, pete, sinia la shaba, mikeka ya harusi: vyote hivyo ni mali, na fungu la binti limo ndani yake kama lilivyo ndani ya nyumba.

Iko njia ya kulihifadhi kasha bila ya kumdhulumu mtu. Litafutiwe mthamini asiyekuwa mnunuzi, kwani mnunuzi husema bei ya kununulia. Dada akitaka kubaki nalo, awalipe nduguze mafungu yao, 60,000 katika mfano wetu, kwa mara moja au kidogo kidogo kwa makubaliano yaliyoandikwa. Nao wakipenda kumsamehe, ni hisani yao, lakini msamaha huombwa, haunyakuliwi. Wakishindwa kuelewana, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 170, imewapa makadhi mamlaka katika mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yao.

Kabla ya kuuza, ndugu wajue pia sheria ya nchi. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895, na milango yenye nakshi iliyochongwa kabla ya mwaka 1946 inayo hifadhi yake. Vitu vya namna hiyo havitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Mnunuzi anayeharakisha, asiyetaka risiti wala maswali, aogopwe.

Na kwa sisi ambao mama zetu wangali hai, au ambao ni mama wenyewe, barua hii ina funzo lililo jepesi kulitenda. Fungueni makasha yenu Ijumaa hii, mbele ya watoto. Zitoeni zile kanga za zamani, hata zile ambazo maneno yake yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, mzikunje upya kwa mikunjo mingine ili zisikatike palepale, na mtie majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu. Mkiwa mnazikunja, semeni: hii nimempa fulani, hii ni yangu mpaka nife, hii niliazimwa na mwenyewe arudishiwe. Andikeni, na wawepo mashahidi. Maneno ya dakika kumi yangemwepusha dada yetu wa Kegonga na simu ile.

Tumemjibu kwa faragha, naye ametupa ruhusa ya kuyaeleza haya. Ametuandikia tena kwamba amempigia simu dada wa pili kwanza, kisha kaka, na kwamba wamekubaliana kasha lithaminiwe wakikutana Mombasa. Mablanketi amekwisha kuyatoa. Chini kabisa amekuta kisutu cha arusi ya mama, kimekunjwa. Nacho amekiandika katika orodha.

Mwenyezi Mungu awape ndugu hawa masikilizano, na amrehemu mama yao.