Risala ya Wazazi na Walimu wa Oltepesi kwa Timu ya Roboti Iliyotutembelea

Kwa mwalimu mlezi na wanafunzi wa timu; nakala kwa afisa wa elimu na kwa kamati ya hazina ya maendeleo ya eneo bunge la Kajiado Magharibi.

Mwalimu mlezi, na ninyi wanetu,

Tunawashukuru kwa kuishuka barabara ya Magadi hadi kwetu kwenye joto hili. Watoto waliiona roboti yenu ikiokota mpira na kuurusha kapuni, na hadi leo wanaisimulia wakichunga mbuzi. Hamu mliyoiamsha ni kubwa. Ndiyo maana tunaandika.

Lakini mliondoka kabla ya adhuhuri. Roboti haikutoka mikononi mwenu, na watoto wetu waliketi nyuma ya kamba. Maelezo yalikuwa kwa Kiingereza cha haraka, mbele ya watoto wanaozungumza Kimaasai nyumbani, ilhali mwalimu wetu alikuwepo, tayari kutafsiri, na hakuombwa. Walioitwa kushika rimoti walikuwa wavulana watupu. Hilo lilituuma kuliko yote. Hapa bado tunapigania binti abaki shuleni asiozwe mapema, na mabinti zetu walielewa walichokiona bila kuelezwa.

Kisha zikapigwa picha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Hakuna mzazi aliyeulizwa. Tunafahamu kwamba mashindano ya roboti, yakiwemo ya FIRST, shirika lililoanzishwa na Dean Kamen huko Marekani mwaka 1989, huzituza timu zinazoihudumia jamii. Tuzo hizo ni njema, na tungefurahi mkishinda. Lakini ripoti yenu ya ziara hii imewaandika watoto wetu kuwa wamefundishwa roboti. Walionyeshwa tu. Tunadai ripoti irekebishwe, na picha ambazo wazazi hawataziridhia zifutwe.

Kaunti hii ya Kajiado haijapungukiwa na wabunifu. Richard Turere alikuwa mtoto mchungaji wa Kitengela, ukingoni mwa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, simba walipokuwa wakiingia usiku kula ng'ombe wa kwao. Akagundua kuwa simba anaogopa mwanga unaosogea. Alichukua betri kuukuu ya gari, paneli ya sola, kifaa cha indiketa ya pikipiki na balbu za tochi zilizoharibika, akafunga taa kuzunguka boma zikawa zinamweka kwa zamu, simba akadhani kuna mtu anayezunguka na tochi. Mwaka 2013, akiwa na miaka 13, alisimama kwenye jukwaa la TED kule California kueleza kazi yake. Mtoto yule alianza na shida ya nyumbani kwao, akatumia vitu ambavyo fundi wa kawaida anaweza kuvifungua na kuvitengeneza. Huo ndio mwanzo tunaoutaka kwa watoto wa Oltepesi.

Basi tunadai haya. Mrudi kila muhula, kwa mwaka mzima, na siku ya kwanza iwe ya kuwafunza walimu wetu wawili, ili kazi iendelee mkiwa hampo. Mtuachie mota, sensa, betri na nyaya, hata kama ni zilizotumika. Tunapendelea vipuri vinavyopatikana Luthuli Avenue, Nairobi, kuliko seti ya ng'ambo ambayo kipande kimoja kikipotea inabaki kabatini. Shida za kutatua zitoke kwetu. Tunayo moja tayari: tangi la maji liko mbali, na mama huenda na punda akalikuta tupu. Sensa ya kina cha maji inayotuma ujumbe kwa simu ingemwokolea safari hiyo. Wasichana wawe nusu ya kila kikundi, nao washike kifaa, si daftari la kuandikia.

Nasi tuna cha kuwafundisha. Jirani yetu ni Olorgesailie, ambako Louis na Mary Leakey walianza kuchimba katika miaka ya 1940 na ambako mashoka ya mawe ya kale yamelala kwa wingi ajabu. Mlipita lango lake bila kusimama. Mkirudi, watoto wetu watawatembeza huko, na ninyi ndio mtakaouliza maswali.

Kwa afisa wa elimu na kamati ya hazina: kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia sekondari pevu Januari 2026, na kila mtoto anatakiwa achague mkondo. Wetu wanaulizwa kama wanataka sayansi na uhandisi kabla hawajagusa hata waya. Tunataka chumba kimoja cha maabara, sola ya kukiwasha, na mwalimu wa sayansi wa kudumu. Wageni wa roboti hawawezi kujaza nafasi hiyo, na tusiambiwe kwamba wameijaza.

Tunaomba majibu ya maandishi, yapitie kwa mwalimu mkuu, kabla ya muhula kufungwa. Wazazi watakutana shuleni wiki ya kwanza ya muhula ujao kuyasoma, kwa Kiswahili na kwa Kimaasai, na kuamua kama ziara nyingine ikubaliwe.

Ni sisi, wazazi na walimu wa Oltepesi.